Shilamu ya Bayumi Kwenye Msumari

Minya, 3 Novemba 1985

Mpwa wangu Wagih,

Salamu zikufikie umekaa au umelala, ingawa nakujua, umelala. Ama kwa barua yako, umemwandikia mtu hasa. Kutoka Rashid mpaka Dumyat hajazaliwa mwanamume aliyevuta shisha kama mjomba wako. Bori langu la kwanza, kile kikombe cha tumbaku juu ya shisha, nililimaliza nikiwa na miaka kumi na tisa, likabaki jivu tupu. Sikukohoa, sikupepesa jicho, na wazee wakasimama wote kunipa mkono.

Nimeyasoma tena hayo na kalamu imeona haya. Ukweli ni kwamba nilivuta mara sita, ya saba nikatapika kwenye magoti ya Shinnawi, siku hizo bado hajawa Haji, na kanzu yake ilikuwa mpya. Wazee walisimama kweli, lakini kukwepa. Basi ukitaka mwalimu wa kuogelea, mtafute aliyewahi kuzama.

Hapa kwetu wote wazima. Binti yangu Awatif anakusalimu, wanawe wamepona surua, mumewe ananenepa. Mimi sijambo, ila ngazi za nyumba hii zimeongezeka. Tulipohamia zilikuwa hamsini na nne, sasa sijui ni ngapi, nadhani mwenye nyumba anaziongeza watu wakiwa kazini.

Sasa la kwako. Unasema idara ya umwagiliaji imekuhamishia Rashid, unalala chumba kimoja na karani anayekoroma, na mkeo Inshirah umemwacha Tanta kwa mama yako na mimba ya miezi mitano. Nyumba za kupanga mjini karibu zote ni za Haji Shinnawi, na Haji hazungumzi habari ya nyumba na mtu ila kwenye mkahawa wa Mitwalli, shisha ikiwa katikati yao. Na wewe miaka thelathini na moja hujavuta hata moshi wa jiko la mama yako. Ndipo ukamkumbuka mjomba. Nyinyi watoto wa dada yangu Faukiya hunikumbuka kama watu wanavyomkumbuka fundi wa choo.

Sikiliza. Kwanza, kula. Mtu havuti shisha na tumbo tupu, labda awe ana ugomvi na tumbo lake. Pili, usiagize tumbaku kali wanayovuta wabeba magunia. Agiza ile iliyolowekwa asali ya muwa, na Mitwalli aiweke kwenye bori kwa kuilegeza, asiishindilie kama anajaza mto. Tatu, tazama maji kwenye chupa. Digali, ule mrija wa shaba unaoshuka kutoka kwenye bori, uzame vidole viwili tu. Ukizama zaidi utavuta maji. Nne, usivute kama unanyonya embe. Vuta kama unavyoonja chai ya moto mbele ya mama mkwe, polepole na kwa adabu. Moshi uache mdomoni, kisha uutoe. Kifuani usiupeleke, kifua si ghala.

Halafu jambo dogo. Mitwalli ana shilamu yangu, ile ncha unayotia mdomoni. Ni ya kaharabu, ina ufa, nimeuzungushia waya wa shaba. Kila mteja wa zamani ana yake imetundikwa ukutani. Mwombe yangu, utumie hiyo, ukae karibu na Haji. Usimwambie Haji kitu. Kaa tu, uvute.

Mjomba wako,
Bayumi


Rashid, 21 Novemba 1985

Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya, wewe na Awatif na watoto. Mama ameandika kutoka Tanta, anasema Inshirah anakula vizuri ila miguu inamvimba, na anasema pia kwamba akisikia mimi navuta shisha atakuja Rashid kwa miguu yake. Tafadhali usimwambie.

Nimejaribu. Nasikitika kusema kwamba sikula kwanza, kwa sababu siku hiyo tulikuwa tunapima mfereji mpaka alasiri na nikaenda moja kwa moja. Nilisahau pia kutazama maji. Nilivuta kwa nguvu, maji yakapanda mrijani yakaingia mdomoni. Yana ladha ambayo sitaieleza kwenye barua. Mara ya tatu au ya nne mkahawa ukaanza kuzunguka. Nilijikuta nimekaa sakafuni nimeegemea sanduku la soda, na Mitwalli ananipa ndimu niing'ate. Watu walicheka kwa wema. Mzee mmoja akasema mtoto wa serikali amelewa hewa.

Kuhusu shilamu yako. Ipo, nimeiona, imetundikwa kwenye msumari wa mwisho karibu na picha ya marehemu baba yake Mitwalli. Nilipomwomba anishushie, alinitazama akaniuliza mimi ni nani wa Bayumi. Nikamwambia mtoto wa dada yake. Watu wakaacha kucheza domino. Mitwalli akasema hiyo haishuki, mwanangu, vuta kwa hii ya kawaida. Sikuelewa.

Siku mbili baadaye Haji Shinnawi akaja. Nilimsalimu, akanipokea vizuri sana, akaniagizia chai, akauliza kazi, mke, mimba. Nyumba ipo, akasema, karibu na msikiti mdogo, vyumba viwili na mti wa mtini uani. Kisha Mitwalli akamwinamia sikioni. Haji akaniuliza kama ni kweli mjomba wangu ni Bayumi wa kinu cha mpunga. Nikasema ndiyo. Akasema chai ni juu yake, ila nyumba hapana, akageuka akaendelea kuvuta.

Mjomba, kuna nini kati yako na Haji? Niambie wazi. Mtoto anatarajiwa katikati ya Machi, na kwa mama kuna chumba kimoja na dada zangu wawili.

Mpwa wako,
Wagih


Minya, 9 Desemba 1985

Mpwa wangu, mlevi wa hewa,

Salamu kwako na kwa sanduku la soda. Barua yako nilisomewa na Awatif kwa sababu miwani yangu imekaliwa na mkwe wangu, na sasa nyumba nzima wanaing'ata ndimu wakinitazama. Huku baridi imeanza. Awatif amenishonea fulana ya sufu inayowasha kama dhambi. Ng'ombe wa jirani amezaa mapacha na jirani anatembea kama aliyewazaa yeye.

Umeuliza kuhusu Haji. Haji ana goti bovu la kulia, ukikaa naye kaa kushoto.

Sasa masomo. Kosa lako ni haraka. Mwambie Mitwalli akupe shisha isiyo na moto wala tumbaku, maji tu. Vuta hewa tupu kila siku kabla ya kazi, mara hamsini, usikilize malio ya maji ndani ya chupa. Yakipiga kelele kama chura anayegombana, unavuta kwa nguvu. Yakinyamaza, unaogopa. Unataka yawe kama mzee anayecheka peke yake chumbani. Ukishayasikia hayo mara hamsini mfululizo, tia moto. Siku ya kwanza robo ya bori, kisha pumzika ule tende. Wiki nyingine nusu. Kichwa kikiwa chepesi, weka mrija chini. Hakuna aliyewahi kupewa medali kwa kuanguka.

Na adabu, maana moshi hata mbuzi aweza kuutoa. Makaa usiyaguse kwa mkono wala kwa kibano. Kazi ya makaa ni ya Mitwalli. Ukimpa mtu mrija, usimwelekezee shilamu kama bunduki. Ukunje, ncha ikutazame wewe, au uulaze mezani auchukue mwenyewe. Ukipewa, mguse mwenzako mgongoni mwa kiganja kwa vidole viwili, ndiyo asante. Na sigara, Wagih, usiwashe sigara kwenye moto wa shisha ya mtu. Hata ukiwa unakufa kwa hamu, hata kiberiti kikiwa kimelowa nchi nzima. Moto ule ni wake, juu ya chakula chake. Kuwashia hapo ni kama kunawa miguu kwenye bakuli lake la supu, mbele ya wageni wake.

Usiniulize kwa nini nimelisema hilo kwa kirefu.

Fanya mazoezi. Haji atalainika. Ile shilamu iombe tena, lakini Haji akiwepo.

Mjomba wako,
Bayumi


Rashid, 2 Januari 1986

Mjomba,

Shikamoo. Mama na Inshirah wazima. Dada yangu mdogo amefaulu mtihani. Inshirah ameandika mwenyewe safari hii, anasema hatazalia sebuleni mbele ya wageni wa mama, na kwamba kaka yake wa Kafr Azzayat amempa chumba ikiwa mimi nimeshindwa. Neno hilo "nimeshindwa" amelipigia mstari.

Nimefanya ulivyosema. Sasa namaliza nusu ya bori bila kizunguzungu, na Mitwalli anasema malio yangu yana adabu. Juzi, baada ya kula vizuri, nilikwenda Haji akiwepo, nikakaa kushoto kwake, nikaomba shilamu yako kwa sauti.

Haji hakukasirika. Aliweka mrija wake chini akaniuliza, "Mjomba wako amekutuma uje uivunje ndoa yake?"

Nikamwambia sijui anachosema. Basi akanieleza, na mkahawa mzima ukawa unamsaidia palipopungua. Kwamba miaka tisa iliyopita, hapo hapo, mlitukanana kwa ajili ya shisha. Kwamba wewe ulisimama ukaapa kwa talaka: mkeo ameachika siku shilamu yako itakapogusa tena moto wa Shinnawi. Na yeye, kwa hasira, akaapa kwa talaka ya mkewe, Mama Hilmi, kwamba hakuna mtu wa damu yako atakayeingia nyumba yake yoyote mpaka shilamu hiyo irudi kwenye moto wake. Ndiyo maana Mitwalli haishushi. Tangu siku ile wanaogopa hata kuipangusa vumbi.

Na ulijua. Ulinituma niiweke pale nikiwa sijui lolote, kama mtu anayemtuma kipofu akate waya wa umeme.

Haji akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Mwanangu, nyumba imekaa tupu, na mke wangu ananisumbua nikupe. Lakini Sakina wa Bayumi alinipikia miaka ishirini. Siwezi kumwachanisha na mumewe uzeeni kwa sababu ya mpangaji."

Nikamwambia mkeo Sakina amefariki. Ramadhani ya mwaka juzi, huko Minya.

Mjomba, walikuwa hawajui. Hakuna aliyejua. Makaa ya Haji yakazimika hapo hapo, na Mitwalli hakuthubutu kuyabadilisha. Kisha akavaa viatu akaenda nyumbani. Kesho yake aliweka viti mbele ya nyumba yake, akamleta msomaji wa Qur'ani, akapokea rambirambi za mkeo kama ndugu wa marehemu. Mji mzima ulikwenda. Mimi nilisimama naye mlangoni nikishika mikono ya watu, nikaona aibu kwa niaba yako.

Kwa nini hukuwaambia?

Wagih


Rashid, 30 Januari 1986

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Ikiwa niliandika kwa ukali, nisamehe. Nilimwandikia Awatif pia, naye hajajibu, jambo ambalo si kawaida yake. Haji hajaja mkahawani tangu matanga. Inshirah ameanza kufunga vitu vyake.

Niandikie hata mstari mmoja.

Wagih


Minya, 10 Februari 1986

Mpwa wangu Wagih,

Salamu. Barua zako mbili zimenikuta kwa mkupuo. Sikuwepo nyumbani. Nilikuwa mahali penye shuka nyeupe na chakula kisicho na chumvi, penye wasichana wanaokuamsha kukuuliza kama umelala. Nimerudi. Awatif hajambo, amekonda kidogo, usimuulize kwa nini hakujibu. Jirani mwenye ng'ombe amewapa mapacha majina ya mawaziri, sasa anaogopa kuwaita kwa sauti.

Hukuandika kwa ukali. Kama mimi ningekuwa wewe, ningeiandika ile barua kwa moto.

Ni kweli nilijua. Nilitaka uiweke ile shilamu pale bila maneno, iguse moto wake, kiapo chake kifunguke, upate nyumba, na mimi nisiseme nilichokuwa sitaki kusema. Nilifikiri ni ujanja. Mjanja wa kinu cha mpunga, darasa la tatu, hakupiga hesabu kwamba watu wa Rashid wangemlinda mke wangu kuliko mimi.

Umeuliza kwa nini sikuwaambia. Nilikaa na karatasi mara nne. Ningeandika nini? "Ndugu Shinnawi, Sakina amekufa"? Tangu nilipotamka kile kiapo, ndoa yangu niliitundika kwenye msumari ule. Sakina alijua. Alikuwa akinitania, akiniona nimekaa dirishani huku Minya, "Bayumi, niache tu ukavute, nitarudi kwa kaka yangu, unaniudhi na hiyo sura." Miaka saba alinitania hivyo. Sasa nimwandikie Shinnawi kwamba amekufa, na yeye asome nini? Asome: niko huru, nitengeneze bori. Nilionea aibu kuwa huru, Wagih. Ndivyo ilivyo, na sitaandika tena juu ya hili.

Tangu afe sijavuta. Niliyokufundisha nimeyafundisha kwa kumbukumbu.

Basi fanya hivi. Nenda nyumbani kwa Haji, usimngoje mkahawani. Mwambie Bayumi anasema kiapo chake kimekufa pamoja na Sakina, shilamu ni ruhusa. Kilichobaki ni kiapo cha Haji, na Mama Hilmi bado yu hai, Mungu ampe umri, aongee naye. Siku hiyo agiza bori moja kwenye moto wake, ulivute mpaka jivu. Usiishie nusu. Shinnawi atasema shilamu haijarudi ikiwa mwenyewe kakimbia njiani, namjua, atasema hivyo hasa.

Kula kwanza.

Bayumi


Rashid, 4 Machi 1986

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pole na yale mashuka meupe. Sitakuuliza. Mama anakusalimu, ameambiwa na Awatif kila kitu, kwa hiyo ujue anajua. Inshirah ni mzima, tumbo limeshuka, mkunga anasema wiki mbili.

Nilikwenda kwa Haji, nikasimama nje ya mlango. Kabla sijamaliza salamu Mama Hilmi alitokea na sinia ya chai akasema yeye amekuwa mateka wa kijiti cha kaharabu miaka tisa, kila binamu wa Bayumi akipita mtaani humu anafunga mlango kwa hofu asije akaingia kwa bahati mbaya na yeye akajikuta hana mume. "Kavute na huyu mtoto," alimwambia Haji, "au mimi mwenyewe nitakwenda kuvuta." Haji akamaliza chai yake, kisha akaomba viatu.

Nilikuwa nimekula. Maharage ya ful, mayai mawili, mikate mitatu, na tende kwa usalama. Mitwalli alipanda kwenye kiti akaishusha shilamu kwa mikono miwili. Aliifuta kwa ndimu na kitambaa, na ilipokuwa imetundikwa ukutani pamebaki alama nyeupe yenye umbo lake. Watu walikuwa wengi, wengine sijawahi kuwaona. Mitwalli alitengeneza bori moja na Haji akaweka kaa la kwanza kwa mkono wake. Nilikumbuka ulivyosema kazi ya makaa ni ya Mitwalli, lakini hakuna aliyemkataza.

Nikamwomba Haji aanze. Akasema, "Anza wewe. Na umalize. Shilamu haijarudi ikiwa mwenyewe kakimbia njiani." Nilicheka, akauliza nacheka nini, nikamwambia kwamba uliniandikia maneno hayo hayo. Akageuza uso upande wa barabara kwa muda.

Nilivuta kama naonja chai mbele ya mama mkwe. Waya wako wa shaba unakwaruza mdomo, mjomba, ungeweza kuukunja vizuri zaidi. Nusu ya kwanza ilikwenda. Robo ya tatu jasho likaanza kunitoka shingoni. Haji alikuwa anasikiliza maji tu. Karibu na mwisho midomo ikafa ganzi na nikaweka mrija chini. Mtu mmoja nyuma akasema basi, yatosha. Haji akasema haitoshi. Nikala tende mbili, nikanywa maji, nikahesabu vigae vya sakafu mpaka vikaacha kutembea, nikauchukua tena. Nilivuta mpaka likawa jivu. Mitwalli akaligeuza bori mbele ya watu, halikutoka moshi.

Nikaukunja mrija, ncha ikinitazama mimi, nikampa Haji. Alinigusa mgongoni mwa kiganja kwa vidole viwili. Halafu, mjomba, akavuta pumzi moja kwa shilamu yako, kwenye bori lililokwisha, jivu tupu. Kisha ufunguo akautoa mfukoni. Alikuwa nao tangu nyumbani.

Tukiwa tunaondoka aliniuliza, "Mjomba wako amekuambia nani aliyeanza siku ile?" Nikamjibu hujaniambia. Akasema, "Basi na mimi sikuambii." Ila ametuma neno. Anasema shilamu imerudi, anakushukuru, lakini haina mdomo wala matusi, na kiti chako kimekaliwa na muuza samaki wa chumvi anayenuka bidhaa yake.

Inshirah atafika Jumatatu kwa gari la kaka yake. Nimeshapaka chokaa.

Mpwa wako,
Wagih


Minya, 23 Machi 1986

Mpwa wangu Wagih, baba wa msichana,

Salamu nyingi, na hongera. Simu ya upepo ilifika kabla ya barua yako, na Awatif alipiga vigelegele mpaka jirani akadhani ng'ombe wake amezaa tena. Mama yako ameniandikia kurasa tatu, ya kwanza ya furaha na mbili za kunilaani kwa kukufundisha shisha. Mwambie nimepokea zote. Na wewe, umeshapata nyumba, sasa acha. Sikukufundisha ili uendelee. Mvulana wa kule penye mashuka, yule anayejiita daktari, alinionyesha picha ya kifua changu dhidi ya taa. Palipopaswa kuwa peusi pana mawingu. Nikamwambia kifua si ghala, akasema mzee, maneno mazuri, ungeyasikia miaka hamsini iliyopita.

Basi shisha kwangu imekwisha. Ngazi hazijaongezeka, Wagih, zingali hamsini na nne.

Sasa ya nani aliyeanza. Watu wote wa Rashid wanajua, isipokuwa wewe. Shinnawi alikuwa na wageni siku ile, wanunuzi wa matofali kutoka Iskandariya, na mimi nilikuwa nimepewa barua ya kustaafu asubuhi hiyo na sikuwa nimemwambia mtu. Alikuwa akicheka nao. Nikainuka, nikainama mbele yao wote, nikawasha sigara kwenye kaa lake. Ndipo akanisukumia mrija, ncha ikiwa puani mwangu. Miaka tisa nimekuwa nikisimulia ule mrija, na ile sigara nairuka. Hata Sakina nilimwanzia kwenye mrija. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Na kabla ya hapo?"

Masomo yangu hayakuwa ya bure. Una deni langu, nalidai.

Alhamisi, tarehe tatu Aprili, treni ya kutoka huku itafika Damanhur saa tisa alasiri. Awatif ameniruhusu siku tano kwa sharti nisibebe kitu. Uwe jukwaani unipokee mkoba, tupande gari mpaka Rashid, na usimwambie Shinnawi, nataka niione sura yake kabla hajaipanga. Muuza samaki ahamishwe, na kiti changu kiwekwe upande upepo unakotoka.

Mkobani mna kanzu, dawa, nguo ya mtoto aliyoishona Awatif, na sigara moja. Moja tu, nimeifunga kwenye leso isivunjike. Ni ya Shinnawi. Nitaagiza bori kwa jina langu, kwa shilamu yangu, kwenye moto wangu, mbele ya watu wengi kadiri Mitwalli atakavyowakusanya, na Shinnawi ainame aiwashe hapo kwenye kaa langu, tuwe sawa.

Lakini moto wa shisha isiyovutwa hufa, na mimi kuvuta siwezi. Kwa hiyo utakaa karibu yangu na kunivutia hilo bori moja, la mwisho, polepole, nisikie malio yake mpaka Shinnawi atakapopata kiberiti cha moyo wake na kuinama. Ataringa kwanza, huenda ikachukua muda.

Kula kwanza.

Mjomba wako,
Bayumi